Somo: Gari kuukuu la paa la turubai, anza na maji kabla ya injini

Wakuu, habari za majukumu. Wengi mmeniuliza kuhusu kumiliki gari la kufunua paa bila kuwa na pesa nyingi, basi leo naandika yote niliyojifunza kwa mikono yangu. Gari la mfano ni langu: Eunos Roadster ya mwaka 1992, injini ya 1600, gia za mkono. Kwa wasioijua, hiyo ni Mazda MX-5 ile ile iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwezi wa Februari 1989. Eunos ni jina lililotumika Japani, na kwa kuwa Wajapani nao wanaendesha kushoto, nyingi zimeletwa huku Uingereza zikiwa mtumba.

Niko Birmingham, nimekaa na gari hili miaka sita. Marehemu baba alikuwa baharia wa jahazi Tanga. Asubuhi, kabla ya kugusa tanga wala kamba, alishuka kuangalia ngama: maji yamejaa kiasi gani, na yameingilia wapi. Mimi nilinunua gari nikaanza na plagi, oili na redio. Nilipokuja kuinua kapeti nikakuta bwawa. Ndiyo maana somo hili lina mpangilio huu. Injini ya gari hili ni ngumu sana, ikibadilishiwa oili kwa wakati inakwenda miaka na miaka. Kinachoyapeleka magari haya kwenye vyuma chakavu ni kutu, na kutu inaletwa na maji yaliyoingia yakakosa pa kutokea.

HATUA YA 1: Kabla ya kutoa pesa

Nenda kulitazama siku ya mvua. Muuzaji akikuambia usubiri jua, mwambie utakuja na mwavuli. Ingia ndani, bonyeza kapeti kwa kiganja nyuma ya viti na pale wanapoweka miguu. Likiwa na unyevu, bei lazima ishuke, maana umeshajua kazi inayokusubiri.

Kwa mlioko Uingereza, chukua namba ya gari ukaangalie historia yake ya MOT (ukaguzi wa lazima wa usalama wa gari wa kila mwaka) kwenye tovuti ya serikali. Ni bure, na rekodi zinarudi hadi 2005. Usiangalie tu kama lilipita. Soma maonyo ya kila mwaka. Ukiona neno la kutu linajirudia miaka mitatu mfululizo, halafu mwaka wa nne limetoweka ghafla, tafuta kujua nani alichomelea na alichomelea vipi.

Jambo jingine kwa Eunos: dashibodi yake ya asili inahesabu kilomita. Nyingine zimebadilishwa kuwa maili na nyingine hazijabadilishwa, kwa hiyo uliza namba unayoiona ni ya kipimo gani.

Injini za 1600 za mwanzo, za 1989 hadi mapema 1991, zina kasoro kwenye pua ya krenki, yaani ncha ya mbele ya shafti kuu inayozunguka ndani ya injini. Puli, gurudumu la mkanda linalofungwa kwenye pua hiyo, inaweza kulegea na kula mfereji unaoishikilia. Fungua boneti, tazama puli ya chini mbele ya injini: yenye nafasi nne zinazoonekana ndiyo ya zamani, yenye nane ndiyo iliyorekebishwa. Ya zamani si lazima uikimbie, ila iangalie injini ikiwa inanguruma. Puli ikiyumba, achana nayo.

HATUA YA 2: Mifereji ya paa

Hii ndiyo ngama yenyewe. Mkikumbuka hatua moja tu katika somo hili, iwe hii.

Maji yanayotiririka nyuma ya turubai yanakusanywa na mfereji wa plastiki, kisha yanashuka kwenye matundu mawili, moja kila upande, kwenye kona nyuma ya mlango karibu na mkanda wa usalama unaposhukia. Kutoka hapo yanapita kwenye mpira na kumwagika chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Majani, vumbi na nyuzi za turubai zinaziba pale juu. Yakikosa njia, maji yanafurika ndani: mengine kwenye kapeti, mengine ndani ya bati la kizingiti cha mlango, ambako huyaoni.

Fanya hivi. Legeza paa, uliinue nusu ili uone kona vizuri kwa tochi. Toa uchafu wote wa juu kwa vidole kwanza, usiusukume ndani. Chukua nusu lita ya maji, mimina polepole, na mtu mwingine achungulie chini. Yanatakiwa yatoke mara moja na kwa wingi ule ule. Yakitoka kwa matone, au yakirudi juu, kuna kizibo. Chukua uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia nyasi, yeyusha ncha yake kwa kiberiti iwe mviringo, kisha upitishe taratibu huku unauzungusha. Mimina tena.

Usitumie upepo wa kompresa. Mpira unaweza kuchomoka kwenye kiungio chake, na hapo maji yote yatakuwa yanaingia kwenye kizingiti bila wewe kujua. Wala usitumie waya mgumu, unatoboa. Mimi nafanya kazi hii mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Novemba majani yakishaanguka, na Aprili kabla ya msimu wa kufunua paa. Ni dakika ishirini na haina gharama.

HATUA YA 3: Kizingiti na kutu

Lala chini, tazama kipande cha kizingiti kilicho mbele ya tairi la nyuma. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele kwenda nyuma, usikilize. Bati zima lina mlio mkavu, bati lililooza linajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Kama rangi imevimba kama malengelenge, ndani hali ni mbaya kuliko nje, kwa sababu kutu hii inaanzia ndani.

Hapa nilipata hasara. Gereji moja ilinichomelea pande zote mbili kwa bei iliyonifurahisha. Mwaka uliofuata mkaguzi wa MOT aligonga, kiraka kikaachia. Walikuwa wamekishika kwa nukta nukta tu, wakajaza pati (udongo wa kuzibia bati) na kupaka rangi nyeusi nene juu. Kanuni iko wazi: kutu ikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka inapofungwa sasipensheni au mkanda wa usalama, kiraka kinatakiwa kichomelewe mfululizo kuzunguka ukingo wote, na pati haikubaliki. Fundi wa pili alikata bati lote bovu hadi kwenye chuma kizima, akaunganisha jipya, nikalipa pauni 700. Iliniuma, lakini mpaka leo sijagusa tena. Mwambie fundi akupigie picha bati likiwa limekatwa na kabla ya rangi. Anayejiamini hatakataa.

Baada ya kuchomelea, subiri siku kadhaa za jua, gari likauke, kisha piga nta ya kuzuia kutu ndani ya kizingiti kwa mrija mrefu kupitia matundu yaliyopo. Usipige kukiwa na unyevu ndani, utaufungia humo humo. Na usizibe matundu ya chini ya kizingiti. Yapo ili maji yatoke.

Ukilipiga jeki, weka jeki chini ya krosimemba ya mbele (boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini) au chini ya difu nyuma, kisha stendi kwenye sehemu zilizoimarishwa za kizingiti. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde tano. Nawasihi katika hili.

HATUA YA 4: Turubai lenyewe

Paa la Eunos lina dirisha la plastiki lenye zipu. Fungua zipu, lilaze dirisha kwanza, halafu ndipo ukunje paa. Ukilikunja pamoja na dirisha litapata mstari, na asubuhi ya baridi linapasuka kabisa. Mimi naweka taulo safi juu yake lisikwaruzwe.

Osha kwa sabuni ya gari na brashi laini. Mashine ya maji ya kasi ikae mbali na mishono. Turubai la vinili linahitaji dawa yake ya kulainisha, la kitambaa linahitaji dawa ya kuzuia maji. Paa likichoka kabisa, kulibadilisha mwenyewe kunawezekana, lakini tenga siku mbili na rafiki mwenye subira, maana limebanwa kwa riveti nyuma na gundi mbele. Mfereji wa plastiki ukikauka huwa dhaifu, unavunjika ukiuvuta kwa nguvu.

HATUA YA 5: Breki ya mkono na klachi

MOT nyingi zinakwama kwenye breki ya mkono, na watu wanauziwa kalipa mpya (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) bila sababu. Kabla hujanunua chochote, jaribu kurekebisha. Legeza kebo, inua nyuma, toa tairi. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya milimita 14. Ifungue, ingiza spana ya L ya milimita 4, ile ya pembe sita. Zungusha kufuata saa hadi pedi iguse diski, kisha rudisha theluthi moja ya mzunguko. Diski izunguke huru. Rudia upande wa pili, halafu kaza kebo. Kalipa ikiwa imeganda na haisogei kabisa, hapo ndipo ubadilishe.

Klachi ikianza kwenda chini bila nguvu, au gia kukataa hasa ya rivasi, usikimbilie kushusha giaboksi. Angalia silinda ndogo ya chini, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Ikilowa mafuta, hiyo ndiyo mbovu. Yangu ilikuwa pauni 20 na bolti mbili, kisha kutoa hewa kwenye mafuta ya klachi na mtu wa kukanyaga pedali.

HATUA YA 6: Injini, kwa ufupi

Mkanda wa taimingi kila maili 60,000, na ubadilishe pampu ya maji siku hiyo hiyo kwa sababu umeshafungua njia. Kwenye 1600 hii mkanda ukikatika valvu hazigongi pistoni, ila gari litakuacha barabarani. Kelele za tiki tiki asubuhi mara nyingi ni tapeti za haidroliki (vikombe vidogo vinavyosukuma valvu kwa msaada wa oili), na oili mpya ya uzito sahihi huzituliza. Betri iko ndani ya buti, kwa hiyo nunua yenye mirija ya kutolea gesi nje. Ya kawaida inamwaga mvuke wa asidi humo ndani, na bati la buti linaliwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Leicester): Mkuu, asante kwa darasa. Turubai langu lina mpasuko wa kama inchi mbili kwenye mkunjo. Nishone au ninunue jipya?

Jibu: Kwenye mkunjo mshono haudumu kaka, unavutwa kila ukifunua paa. Weka kiraka ndani na nje kwa gundi ya vinili kipite msimu huu, usilifunue sana, huku unatunza pesa za jipya. Mpasuko ungekuwa sehemu isiyokunjika, kiraka kingetosha.

Swali (Mombasa): Hapa kwetu hakuna baridi wala chumvi ya barabarani, ile mnayomwagiwa huko kuyeyusha barafu. Ninayo moja iliyoingia nchini zamani, dirisha limekuwa la njano na sioni nyuma. Nifanye nini?

Jibu: Hilo ni jua. Kama bado ni laini, sugua kwa dawa ya kung'arisha plastiki na kitambaa cha pamba, mara kadhaa. Likiwa gumu na lina nyufa ndogo, badilisha dirisha peke yake kwa fundi wa turubai, si lazima paa zima. Chumvi unayo bado, ya upepo wa bahari, kwa hiyo lisafishe chini kwa maji baridi mara kwa mara. Na kama unaegesha chini ya mwarobaini, hamisha. Vile vijani vyake vidogo vinapenya hadi kwenye matundu ya Hatua ya 2.

Swali (Dar es Salaam): Nimeona kama hiyo Japani kwa bei nzuri. Inaingia?

Jibu: Tanzania inaingia, lakini magari makuukuu yana ushuru wa ziada, kwa hiyo piga hesabu yote TRA (mamlaka ya mapato) kabla ya kutuma hata senti. Ndugu zetu wa Kenya hawawezi, kikomo chao ni miaka minane. Kabla ya kuagiza omba picha za kizingiti upande wa chini. Magari ya mikoa ya theluji ya Japani nayo yana kutu.

Swali (London): Vipi ULEZ, ile ada ya London kwa magari yanayochafua hewa?

Jibu: Tangu Agosti 2023 inashika mitaa yote ya London, na petroli ya miaka hiyo kwa kawaida haifikii kiwango. Ni pauni 12.50 kila siku unayoendesha. Msamaha wa magari ya kihistoria unaanza gari likishatimiza miaka 40, kuanzia Aprili ya mwaka unaofuata, yaani la 1992 lisubiri 2033. Kama unaendesha kila siku ndani ya London, kwa kweli sikushauri.

Swali (Milton Keynes): Nimepata Mercedes SLK ya mwaka 1999 kwa bei sawa na hizo Mazda. Paa lake ni la chuma, si bora?

Jibu: Ni gari zuri, lakini paa lile linaendeshwa na pampu ya haidroliki, mirija, swichi na sensa. Likikwama nusu njia, mtu wa bajeti ndogo anaumia. Usilipe kabla hujalifungua na kulifunga mara tano mfululizo injini ikiwa moto.

Swali (Coventry): Shikamoo kaka. Mimi ni dada yenu, nina ya 1996. Kapeti ni kavu kabisa lakini kila asubuhi vioo vina ukungu kwa ndani. Mifereji nilisafisha mwaka jana.

Jibu: Marahaba dada. Kapeti juu linaweza kuwa kavu huku sponji ya chini yake imelowa chepechepe. Legeza kapeti nyuma ya viti, uliinue, ukamue sponji kwa mkono. Ikiwa na maji, itoe yote uianike, usijaribu kuikaushia ndani ya gari. Halafu mimina nusu lita upande wa kulia kwanza, kisha kushoto, uniandikie hapa upande upi umechelewa kutoa.