Ekskaveta ya mtumba inapopoteza mawasiliano: pima nyaya kabla ya kununua kompyuta

Skrini inaandika kwamba injini haipatikani. Mashine inawaka lakini haipandi resi, au inazimika ghafla ikipita kwenye mashimo, kisha inawaka tena kama kawaida. Mafundi wengi wakiona hivyo hukimbilia kusema ECU (kompyuta ya mashine) imekufa, na mwenye mashine anaanza kutafuta pesa ya nyingine. Usifike huko haraka. Kompyuta hizi husingiziwa sana. Kinachoharibika mara nyingi ni waya, pini, fyuzi au athi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi na hasi ya betri), na kwenye mashine iliyopita mikono mingi, tatizo huwa ni kazi ya aliyetangulia.

Ekskaveta ya kisasa ina kompyuta kadhaa: ya injini, ya pampu na haidroliki, ya skrini, na nyingine zina ya kusafisha moshi. Zote hutumiana taarifa kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, CAN-H na CAN-L (mtandao huo huitwa CAN), na kwa upande wa injini kanuni ya mawasiliano inayotumika sana ni J1939. Kila mwisho wa njia hiyo kuna rezista ya ohm 120. Ukilielewa hilo, multimita ya kawaida itakufikisha mbali.

Hatua ya 1: Soma kodi zote za hitilafu, wala usifute

Andika kila kodi pamoja na kompyuta iliyoitoa. Ukizifuta mwanzoni, umepoteza ushahidi. Kwenye J1939, SPN ni namba ya sehemu inayolalamikiwa na FMI ni aina ya tatizo. SPN 639 inahusu mtandao wenyewe. FMI 9 maana yake taarifa haifiki kwa wakati, na FMI 19 ni kwamba taarifa iliyopokelewa ina kasoro. Kisha jiulize nani anamlalamikia nani. Kompyuta zote zikilalamikia moja tu, hiyo moja haina umeme, haina athi, au tawi lake (nyaya zinazotoka njia kuu kwenda kwake) limekatika. Kila moja ikilalamikia kila nyingine, tatizo liko kwenye njia kuu.

Hatua ya 2: Umeme na athi

Mashine nyingi hizi ni za volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofuatana. Zikiwa zimejaa na zimetulia utasoma takribani volti 25. Injini ikiwaka, tegemea 27 hadi 28 na ushee. Betri dhaifu hushuka sana wakati wa kupiga stata, kompyuta zinazimika kwa muda mfupi, na kodi za mawasiliano zinajazana ingawa mtandao ni mzima.

Usiridhike na kipimo cha kwenye betri. Chomoa konekta ya kompyuta inayoshukiwa, washa ufunguo, kisha unganisha balbu ya volti 24 kati ya pini ya umeme na pini ya athi upande wa nyaya. Waya uliobaki na nyuzi mbili tatu utaonyesha volti kamili kwenye multimita, lakini balbu itafifia. Balbu ikiwa bado inawaka, pima volti kati ya pini ya athi na hasi ya betri. Ikizidi nusu volti, fungua boliti za athi, sugua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza, pima upya.

Hatua ya 3: Ohm, umeme ukiwa umekatwa

Zima ufunguo, subiri kompyuta zilale (mfumo wa kusafisha moshi huchukua dakika kadhaa), ndipo ukate swichi ya betri. Pima kati ya CAN-H na CAN-L kwenye konekta ya skana (kifaa cha kusomea kodi). Kwenye ile ya duara yenye pini tisa ya J1939, H ni pini C na L ni pini D, lakini thibitisha kwa mchoro wa mashine yako kwa sababu nyingine zina mitandao miwili au zaidi.

Ukipata karibu 60, rezista zote mbili zipo. Ukipata 120, moja haipo au njia kuu imekatika. Karibu 40 maana yake kuna aliyeongeza rezista ya tatu. Karibu sifuri ni shoti kati ya H na L.

Angalia hapa kwa makini: 60 haimaanishi mtandao wote ni mzima. Tawi la kuelekea kompyuta moja likikatika, njia kuu itaendelea kusoma 60 bila dalili yoyote. Kwa hiyo rudia kipimo kwenye konekta ya kompyuta inayolalamikiwa, upande wa nyaya. Na baadhi ya kompyuta zina rezista ndani yake, kwa hiyo ukiichomoa ukasoma 120, usidhani umegundua ubovu.

Hatua ya 4: Volti, ufunguo ukiwa umewashwa

H kwenda athi husoma kati ya 2.5 na 3, L kati ya 2 na 2.5, na jumla yake hukaribia 5. H ikisoma sifuri, imegusa bodi. Ukiona volti zinazokaribia za betri kwenye waya wowote, kuna mguso na waya wa umeme. Hapo chomoa kompyuta moja baada ya nyingine huku ukitazama kipimo. Kikirudi sawa, tawi hilo au kompyuta hiyo ndiyo inayoburuta mtandao.

Usichomeke ncha ya multimita ndani ya pini jike. Inaipanua, na mgusano hafifu utakaobaki utakusumbua kuliko ubovu wa awali. Pima kwa nyuma ya konekta au tumia pini ya ukubwa wake.

Hatua ya 5: Macho na mikono

Mashine ya mtumba anza na vilivyoongezwa. Kifaa cha kufuatilia kwa GPS kilichounganishwa kwenye nyaya za CAN kichomoe kabisa, kisha upime upya. Tafuta viungo vya tepu, nyaya zilizofumuliwa usokoto, na alama za kuchomelea karibu na wayaringi. Aliyechomelea bila kuchomoa kompyuta huenda ameziunguza.

Halafu nenda pale wayaringi unapotoka kabini kuingia kwenye fremu. Kabini inacheza juu ya mipira yake na fremu haichezi, hivyo klipu ikikatika nyaya zinasuguana na ukingo wa chuma. Fungua tepu na upapase waya mmoja mmoja: mahali palipong'aa pameanza kutoboka, na unga wa kijani ni maji yaliyoingia. Umeme ukiwa umekatwa, msaidizi atazame multimita ya ohm wewe ukitikisa wayaringi kipande kwa kipande. Tarakimu ikiruka, simama hapo hapo. Ukirekebisha, rudisha usokoto na funika kiungo kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi.

Hatua ya 6: Sasa ndipo ECU

Umeme, athi na nyaya zote zikiwa sawa kwenye konekta yake na bado iko kimya, ishuku. Linganisha namba ya kipuri na mashine, maana ECU ya modeli nyingine, au isiyo na programu sahihi, haitaeleweka na wenzake. Usiazime ECU ya mashine nzima kwa majaribio kabla hujahakikisha hakuna volti 24 kwenye nyaya za CAN, utaunguza na hiyo.

Ukimaliza futa kodi, fanya kazi na mashine mpaka mafuta ya haidroliki yapate moto, kisha soma tena. Baadhi ya mipasuko hufunguka kwa joto tu.