Somo: Kuchagua tipa la kubeba na kuvuta tela, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Wakubwa shikamooni, wengine habari za mihangaiko.

Kila msimu wa korosho ukishalipa, swali linaloletwa kwangu gereji ni lile lile: "Fundi, ninunue Fuso au Forward?" Mtu ameshika hela, anataka tipa la kusomba mchanga na kokoto, halafu kiangazi alitumie kuvuta tela la maji au kupeleka trekta shambani. Jibu langu huwaudhi wengi. Jina la gari liache kwanza. Anza na mzigo, kisha lala chini ya gari. Injini tutaifikia mwisho, na wala haitachukua muda.

Hatua ya 1: Pima mzigo kwa kilo, achana na tripu

Huku kwetu mchanga unauzwa kwa tripu, na tripu ya huyu si tripu ya yule. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina kama kilo 1,600. Ukiusomba Lukuledi bado unachuruzika maji, inakaribia kilo 1,900 hadi 2,000. Kokoto ni kama 1,500. Saruji haina fumbo: mifuko 20 ya kilo 50 ni tani moja.

Sasa chukua futi upime bodi. Matipa mengi ya Japani ya daraja hili, yale ya "tani 4", iwe ni Fuso Fighter, Isuzu Forward au Hino Ranger, yalitoka kiwandani na bodi ya urefu wa mita 3.4, upana mita 2.06 na kina cha sentimita 34 hivi. Zidisha: ni mita za ujazo 2.4 tu. Jaza mchanga mkavu mpaka ukingoni, unapata kilo 3,800. Aliyeichora bodi hiyo alikuwa anakupimia, na ndiyo maana ni fupi. Sisi tunachomelea mabati juu mpaka ziingie mita 5, mvua ya Februari inapiga juu yake, na gari la tani 4 linaondoka na tani 9 na nusu mgongoni. Halafu tunasema Fuso za siku hizi hazidumu.

Hatua ya 2: Soma kibati, kisha hesabu nati

Wapo wanaoniambia, "Mbona mizani napita?" Ni kweli unapita. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele yenye tairi moja moja na tani 10 kwenye ekseli ya nyuma yenye tairi pacha, jumla tani 18 kwa gari la ekseli mbili. Lakini gari lako lilijengwa libebe jumla isiyofika tani 8, mzigo pamoja na uzito wake lenyewe. Kiwango hicho kilitokana na leseni ya kawaida ya Japani, ambayo kabla ya 2007 iliishia hapo. Mizani inalinda lami. Difu yako, yaani gia za ekseli ya nyuma, haimhusu mtu wa mizani.

Habari njema ni kwamba Wajapani hao hao walitengeneza magari ya sura ile ile, kabini ile ile, yaliyoongezewa tani: chesesi (fremu inayobeba gari zima) nene, ekseli kubwa, breki kubwa. Dalali anaweza kukuuzia lolote kati ya hayo mawili kwa jina moja. Angalia kibati cha uzito, na kikiwa kimeng'olewa hesabu nati za tairi. La tani 4 la kawaida mara nyingi lina nati 6 kila tairi. Lililoongezewa mara nyingi lina 8 au zaidi, na rimu yake ni kubwa. Kwa kazi ya kifusi na kokoto za Masasi, mimi naambia watu watafute hilo la pili hata kama ni kuukuu kwa miaka mitano.

Hatua ya 3: Lala chini ya gari

Hapa ndipo nilipoliwa. Gari langu la kwanza nililinunua limepigwa rangi nyeusi tii chini kwote, nikafurahi nikasema mwenyewe alikuwa msafi. Miezi minne baadaye, kabla ya kufika Mnivata na moramu, nikasikia kishindo, kabini ikaangalia juu. Chesesi ilikuwa imekatika zamani nyuma ya kabini, ikachomelewa moja kwa moja kwa kukata njia ya msalaba, ikapakwa rangi. Tangu siku hiyo natembea na msasa mfukoni.

Kwangua rangi sehemu tatu: nyuma ya kabini, pale springi za nyuma zinaposhikia, na pale jeki ya bodi inapokalia. Kiraka kizuri ni bamba refu lililofungwa kwa bolti ubavuni. Ukikuta mshono wa kulehemu umekata chesesi wima kutoka juu hadi chini, rudisha funguo, aga kwa heshima. Gari lililokaa pwani likisomba mchanga wa chumvi liangalie mara mbili; kutu huanzia ndani ya chesesi, nje unaona vizuri tu.

Jeki nayo ipime ikiwa na mzigo. Nyanyua bodi nusu, zima injini, subiri dakika kumi. Ikishuka yenyewe, sili au vali imechoka. Na tafadhali, usichungulie chini ya bodi iliyonyanyuliwa bila kuweka nguzo yake. Jiwe na gogo si nguzo.

Hatua ya 4: Jua difu

Ekari zote za mchanga wa Mtwara Vijijini zinakuuliza swali moja: difu ni ya mzigo au ya mwendo? Zuia tairi kwa mawe, weka gia huru, achia handibreki (kwenye mengi ya magari haya inakamata propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu). Nyanyua upande mmoja wa nyuma, lizungushe tairi lililo juu mara mbili kamili, mwenzako ahesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikifika kama 6, hiyo ni difu ya mzigo. Ikiwa 4 na kitu, gari hilo lilikuwa la barabara kuu, na kwenye mchanga utachoma klachi.

Hatua ya 5: Tela

Tela linakula kwenye sahani ile ile ya mzigo. Usimjazie mtu bodi halafu umfunge na tela nyuma. Ukivuta, bodi iwe na mzigo mdogo.

Ndoano ifungwe kwenye chesesi yenyewe kwa bolti, kamwe isichomelewe kwenye bamba la nyuma linaloshika taa. Kwenye tipa kuna tatizo ambalo lori la kawaida halina: bodi inapolala nyuma na mlango kufunguka, ndoano iliyotokeza inagongwa, au mchanga unaizika. Fundi apime bodi ikiwa juu kabisa kabla hajatoboa tundu hata moja.

Breki ndizo zinazoua. Mengi ya magari haya yana breki za mafuta zinazosaidiwa na upepo, si za upepo mtupu. Tela zito linataka breki zake, na mipira miwili ya upepo: mwekundu wa kulijaza, wa njano wa kuliamuru. Mpira mwekundu ukikatika, tela lijifunge lenyewe. Jaribu hilo uwanjani: uchomoe makusudi. Anayekwambia "hili halina haja ya breki, ni dogo" muulize kama amewahi kushuka kutoka Newala kwenda Masasi. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya bahari, na ukingo wa uwanda wa Makonde haukusubiri upate gia. Breki ya egzosi, ile inayobana moshi ili injini ilizuie gari, iwe inafanya kazi, na ushuke kwa gia ambayo ungeipandia.

Tela la ekseli moja lipakiwe hivi: katika kila kilo 100, kama 10 hadi 15 zilalie ndoano. Mzigo ukikaa nyuma, tela litakuyumbisha mkia.

Injini? 6D16 ya Fuso, 6HH1 ya Forward, J08C ya Hino, zote nimezifungua, zote ni injini. Chukua ile ambayo fundi wa karibu yako anaijua na spea zake hazisubiri basi la Dar.

Maswali ya wanachama

Ruangwa: Shikamoo fundi. Nikiongeza springi nyuma, si gari litakuwa na nguvu kama lile la nati 8?

Marahaba mdogo wangu. Litaacha kulala, basi. Uzito ule ule sasa unaipiga ekseli na chesesi bila kulainishwa. Umelificha tatizo lisionekane na trafiki.

Newala: Fundi, mimi ni mama wa biashara ya maji. Nataka tela la lita 5,000 livutwe na tipa la tani 4. Litaweza?

Mama, lita 5,000 ni tani 5, na tela lenyewe bado. Tipa tupu lina kama tani 4. Maana yake anayesukuma ni mzito kuliko anayevuta, kwenye mteremko hilo ni balaa. Tangi likiwa nusu ndiyo mbaya zaidi, maji yanakimbia huku na huku. Weka tangi la lita 3,000 ndani ya bodi, lifungwe minyororo, ukate na waya wa jeki asije mtu akabonyeza. Utaenda safari mbili badala ya moja, lakini utarudi.

Kilwa: Naweza kumwaga mchanga tela likiwa limefungwa?

Hapana kaka. Bodi ikipanda na tela likiwa limekaa upande, linakuvuta ulale. Fungua kwanza.

Nachingwea: Mtaji wangu unafika kwenye Canter tu, na lipo moja hapo Mnazi Mmoja. Niache?

Usiache. Canter ya tipa bodi yake ni kama mita za ujazo 1.5. Ibebe hiyo hiyo, bila kuchomelea mabati juu, uza tripu kwa jina la "Canter" ili mteja ajue anachonunua. Tela sahau kwa sasa. Umesema lipo moja hapo Mnazi Mmoja; nitumie picha ya kibati na ya chesesi nyuma ya kabini, ukiwa umeshakwangua rangi.