Kupiga picha buabua wanaotaga Watamu wakati wa kusi

Whale Island ni kisiwa kidogo cha mwamba kilichokaa mlangoni mwa Mida Creek, Watamu, pwani ya Kenya. Kati ya Juni na Oktoba buabua (ndege wa baharini) huja kutaga hapo, nao ni wa aina mbili. Wa kwanza ni buabua waridi, Sterna dougallii: mweupe kuliko wenzake, miguu myekundu, manyoya ya mkia marefu kama nyuzi, na mdomo mweusi ambao msimu wa kutaga hugeuka mwekundu kuanzia shinani. Wa pili, Onychoprion anaethetus, ana mgongo wa kahawia-kijivu na mstari mweupe unaotoka kwenye paji la uso na kupita juu ya jicho. Waridi hutaga mahali pa wazi, yai moja au mawili. Huyu mwingine hutaga yai moja tu, tena chini ya kingo za mwamba. Kwa hiyo kiota chake usikihangaikie. Mngoje atoke ukingoni, hapo ndipo picha yake ilipo.

Juni usiende mbio. Kusi bado ni kali, na manahodha wengi hawataki kutoka. Kuanzia nusu ya pili ya Julai hadi Septemba bahari inakubali zaidi, na kisiwani kuna mambo ya kila namna: wanaochumbiana, wanaoatamia (waridi kama wiki tatu) na wanaolisha vifaranga (wa waridi huchukua karibu wiki nne kabla ya kuruka). Ila buabua waridi ana tabia yake. Mwaka mmoja wanajaa kisiwani, mwaka wa pili hawakanyagi. Mpigie simu nahodha au muongoza wageni wa Watamu umuulize kama wapo kabla hujalipia chochote.

Maji ndiyo ya kupanga kwanza, kabla ya kamera. Pwani hii, siku za bamvua (mwezi mchanga na mwezi mpevu) maji hujaa kama saa 10 hadi 11 alfajiri na jioni, na kupwa kabisa saa 4 hadi 5 asubuhi. Maana yake, asubuhi ya bamvua utafika wakati maji ya Mida yanatoka kwa nguvu. Yakikutana na mawimbi ya kusi pale mlangoni, bahari inachemka, mashua inarushwa, na hakuna lenzi itakayokusaidia. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa saa 4 hadi 5 asubuhi, kwa hiyo kuanzia macheo yanaingia taratibu na mashua inapita juu ya miamba bila kugusa. Chagua asubuhi ya maji mafu au jioni ya bamvua. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, linatosha kupangia.

Halafu upepo na jua. Ndege hutua na kuruka akiukabili upepo, na upepo wa kusi hutoka kusini au kusini-mashariki. Ukikaa demani, yaani kaskazini mwa kisiwa, utarudi nyumbani na picha za mikia. Upande wa joshi, upepo unakotoka, utaziona nyuso, lakini mawimbi yote ni yako. Pazuri asubuhi ni mashariki, ukivuta kidogo kusini: jua liko mgongoni mwako na ndege anakuonyesha ubavu na uso. Bahari ikichafuka upande huo, achana nao, uje saa 10 jioni kutoka upande wa bara, kisiwa kikukinge. Upepo ukiwa wa kusini-mashariki hasa, jioni utaona migongo zaidi ya nyuso, lakini heri mgongo uliotulia kuliko uso uliotikisika.

Mwanga mzuri ni mfupi. Jua huchomoza kama saa 12 na dakika 20, na ikifika saa 3 limeshapanda, vivuli vimeingia chini ya mabawa, na joto la mwamba limeanza kutetemesha hewa. Mtetemo huo haurekebishiki kwenye kompyuta. Picha itaonekana kama haijalengwa hata kama kamera ililenga sawasawa. Ule wekundu hafifu wa kifuani mwa buabua waridi, uliompa jina, unaonekana mwanga ukiwa laini tu. Saa 4 kwenye picha ni mweupe pe.

Kodi mashua isiyo na paa. Boti za kioo zinazopeleka watu matumbaweni zina turubai juu, na ndege wengi watapita juu ya turubai hilo. Kiingilio cha hifadhi ya bahari hulipwa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) kwa mtandao, kwa hiyo lipa usiku uliotangulia. Kubaliana na nahodha mapema, nchi kavu, mambo matatu: hakuna kushuka kisiwani, nanga haitupwi juu ya matumbawe, na mashua haielekezwi kisiwani moja kwa moja. Aanze umbali wa mita 100 hivi, juu ya mkondo, azime injini, aiache mashua ichukuliwe na maji kupita kando ya kisiwa. Mkishapita, awashe, azunguke kwa mbali, mrudie. Buabua huvumilia kinachopita. Kinachowajia ndicho wanachokiogopa.

Tripodi iache nyumbani. Ndani ya mashua inabeba kila mtikisiko na kuupeleka kwenye lenzi. Keti katikati ya mashua au piga goti, viwiko kwenye mapaja au mbavuni, wala si kwenye ubao wa pembeni. Lenzi ya mm 100–400 inafaa kuliko ya mm 600. Ndani ya ile ndefu ndege anatoka kwenye fremu kila wimbi linapopita.

Weka kamera kwenye M (manual) kabisa, mwanga uupange mwenyewe. Ukiiachia ijipimie yenyewe, ndege akipita mbele ya bahari nyeusi itamuunguza, na akipanda mbinguni itamtia giza, wakati mwanga unaomwangaza haujabadilika hata kidogo. Jua likishawaka vizuri mgongoni mwako, anza na f/8, 1/2500 na ISO 400. Piga picha moja ya ndege mweupe, washa alama ya maeneo yaliyoungua, na ikimeta kwenye bawa panda hadi 1/3200. Macheo mwanga ni mdogo, kwa hiyo fungua hadi f/5.6 na upandishe ISO hadi 1600, ila usishuke chini ya 1/1600 hata kwa ndege aliyetua, kwa sababu wewe mwenyewe hujatua. Ulengaji uwe wa kufuatilia mfululizo, kwa kundi la alama za katikati; alama moja itampoteza, na fremu nzima itakamata povu la mawimbi. Piga RAW, yaani faili ghafi ya kamera.

Usifukuze kila kinachoruka. Tazama dakika kumi bila kupiga. Utaona wanaorudi na samaki wanapita njia ileile, chini chini juu ya maji, kisha wanainuka ghafla wakikaribia mwamba. Lenga mahali hapo pa kuinukia. Mwenye samaki mdomoni ndiye wa kungojwa: ama anampelekea jike anayemposa, ama kifaranga, na kwa vyovyote atapunguza mwendo na kutandaza mkia kabla ya kutua. Samaki mwenyewe hung'aa kuliko manyoya, kwa hiyo punguza mwanga kidogo zaidi, la sivyo utabaki na mstari mweupe usio na magamba.

Jambo la kuangaliwa kuliko yote ni kelele za kundi. Zikiendelea kama kawaida, mko sawa. Wakinyamaza wote kwa pamoja kisha wakafagia chini kuelekea baharini, mmesogea mno. Mwambie nahodha aondoke saa hiyohiyo. Mzazi anayeatamia saa 5 mchana ndiye kivuli cha yai, na akiondoka yai linapikwa juu ya mwamba. Kunguru na kaa nao hawasubiri kualikwa. Droni ndiyo usiifikirie kabisa, hata ukiwa na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya: Mei 2021 droni ilianguka kwenye ardhi oevu ya Bolsa Chica, California, na buabua wakayatelekeza mayai yapatayo 1,500.

Kabla ya kuzipandisha mtandaoni, futa data ya mahali kwenye picha za mayai na vifaranga, maana mayai ya buabua yameokotwa na kuliwa visiwa kadhaa vya pwani hii. Na chumvi ishughulikie siku hiyohiyo: nje ya kamera na lenzi pangusa kwa kitambaa kilicholowekwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kisha kikavu. Kioo kipulizie kwanza kwa pampu ya mkono. Ukikisugua na chumvi juu yake umekikwaruza.