Nunua Oktoba, uza Mei: ng'ombe wa malisho kwenye ekari 20

Kila mwaka ifikapo Septemba huku Handeni naona jambo lile lile, na linaniuma vile vile. Maksai aliyekuwa anang'aa mwezi Juni, mgongo umejaa, sasa mbavu zake zinahesabika ukiwa barabarani. Mwenyewe ukimuuliza kwa nini hakumuuza, atakwambia anangoja bei ya Krismasi. Lakini mnyama hangoji pamoja naye. Kilo alizozipata masika anazipoteza moja baada ya nyingine, na Desemba inapofika mvua za vuli zimempa miezi miwili tu ya majani. Mfugaji anapeleka mnadani ng'ombe aliyezidi umri na kupungua uzito.

Ukiwa na ekari 20 na familia ya kuzitunza, huna ardhi ya kulisha maksai wa kuuzwa mwaka mzima. Unazo nyasi za miezi saba. Basi mfuge kwa miezi hiyo saba, umuuze nyasi zikiwa bado zimesimama.

Tupige hesabu pamoja. Ekari 20 ni takriban hekta 8. Tuseme malisho yako ya asili, mvua ikiwa nzuri, yanatoa tani 2 za majani makavu kwa hekta, yaani tani 16. Nusu iachwe shambani, maana nyasi zikiliwa hadi shina mizizi hufa na mwaka unaofuata utalisha vumbi. Zinabaki tani 8 za kuliwa. Ng'ombe wa kilo 250 hula kwa siku majani makavu sawa na asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6 na robo. Kwa mwaka mzima ni kilo 2,280 hivi, kwa hiyo shamba lako linabeba ng'ombe watatu na kidogo. Lakini ukiwaweka kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi mwisho wa Mei, siku 210 hivi, kila mmoja anahitaji kilo 1,300 tu. Shamba lile lile sasa linabeba sita. Pima shamba lako mwenyewe kabla ya kuziamini namba zangu: kata majani kwenye mita moja ya mraba mahali kumi tofauti, yakaushe, yapime. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja tu, na itakuzuia kununua ng'ombe kumi kwa shamba la watano.

Kwa nini Oktoba? Kwa sababu mwisho wa kiangazi ndipo wafugaji wengi wanauza kwa shida, ada za shule na njaa vikiwabana, na ng'ombe wamekonda. Mnyama aliyekonda kwa kukosa majani, lakini ana afya na mifupa mizuri, akipata nyasi mpya hukua haraka kuliko aliyekuwa ameshiba muda wote. Mwili unafidia. Maksai wa zebu mwenye kilo 210, akiongeza wastani wa gramu 400 kwa siku kwenye malisho yaliyotunzwa, baada ya siku 210 atakuwa na karibu kilo 294. Ukipata chotara wa Borani, aina ya ng'ombe wa nyama mwenye mwili mkubwa, ataongeza zaidi, ila naye anataka majani bora zaidi na anasumbuliwa zaidi na kupe. Mimi kwa mfugaji anayeanza napendekeza zebu wetu wa kienyeji. Anavumilia.

Unaponunua, fungua mdomo. Tafuta mwenye jozi moja ya meno ya mbele ya kudumu, maana huyo ametimiza miaka miwili au amezidi kidogo. Mwenye meno yote yaliyokamilika ni mkubwa, nyama yake itakuwa ngumu, na chakula atakachokula kitakwenda kwenye kumweka hai tu. Mtazame anavyotembea. Mwenye kukohoa, mwenye tezi zilizovimba chini ya sikio au macho yenye ukungu, mwache hata kama bei inavutia.

Hapa kuna hatari ambayo imewafilisi watu. Ng'ombe aliyekulia mahali pasipo na kupe wa ndigana kali, ukimleta kwenye kupe wa Handeni, Muheza au Korogwe, anaweza kufa ndani ya wiki tatu au nne. Kupe wa masikio ya kahawia ndiye mwambukizaji, na mnyama mkubwa asiye na kinga hana pa kukimbilia. Nunua jirani, au nunua waliochanjwa chanjo ya ndigana kali wakiwa ndama. Wafugaji wa Kimaasai wengi wamechanja na huvalisha heleni ya alama. Wageni wote watenge angalau wiki tatu, wape dawa ya minyoo, na ogesha kila wiki katika msimu wa mvua, joshoni au kwa pampu ya mgongoni. Ukinyunyiza, hakikisha dawa imeingia ndani ya masikio na chini ya mkia. Huko ndiko kupe wanakojificha. Kama shamba lako linapakana na vichaka vyenye mbung'o, kama maeneo ya kuelekea Saadani na Pangani, zungumza na afisa mifugo kuhusu kinga ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, kabla ya kununua. Chanjo za kimeta na chambavu usizikose.

Kila sindano iandike kwenye daftari: tarehe, dawa, mnyama. Soma kibandiko cha dawa uone siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Kwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu, ile antibiotiki ya sindano, mara nyingi ni siku 28, na dawa nyingine za minyoo zinazidi hapo. Anayenunua nyama ya malisho anakulipa kwa kukuamini, na nyama yenye mabaki ya dawa ni usaliti kwake na kwa watoto wake.

Sasa malisho yenyewe. Gawa ekari 20 katika vipande vinne au zaidi. Uzio si lazima uwe wa gharama. Huku kwetu minyaa na mkonge vinatosha kwa mipaka, na ndani unaweza kutumia mchungaji au waya mmoja wa umeme wa jua. Ingiza ng'ombe nyasi zikifika magotini, watoe zikibaki kimo cha kiganja. Masika kipande kipumzike wiki tatu hadi nne kabla ya kuguswa tena. Mvua zikipungua, kipumzike zaidi. Kosa ninaloliona kila mahali ni kurudisha ng'ombe mapema kwa sababu kipande kinaonekana kijani kwa mbali. Inama uangalie chini. Kama majani mapya hayajafunika ardhi, bado.

Katika kipande kimoja kilichochoka panda nyasi za kudumu. Nyasi za Rhodes zinafaa kwetu, na kwenye ukame zaidi ile inayoitwa bafeli, ambayo Kongwa wanaijua vizuri. Pembezoni otesha miti ya malisho, lukina au glirisidia. Majani yake yana protini ambayo nyasi zikikomaa hazina. Lukina isizidi theluthi moja ya chakula cha siku, ikizidi huwadhuru. Maji: mnyama anayenenepa kwenye joto anahitaji lita 30 hadi 50 kwa siku, na akitembezwa kilomita sita kuyafuata, gramu 400 ulizozitarajia zinaishia njiani. Jiwe la chumvi lenye madini liwepo muda wote. Ukiona ng'ombe wanatafuna mifupa, wanakosa fosforasi, na mifupa hiyo inaweza kuwaua kwa sumu.

Niseme pia kuhusu jina. Kanda ya Ziwa wananenepesha kwa mashudu na pumba za pamba, na kazi ile ni halali na ina faida yake. Lakini ukimpa ng'ombe wako mashudu, molasi au pumba za mahindi ili anenepe, usimwite wa malisho. Mwite alivyo. Na mteja mwambie mapema kwamba mafuta ya ng'ombe wa majani yana rangi ya njano kwa ajili ya karotini ya majani mabichi. Wengi wakiona njano hudhani ng'ombe alikuwa mzee au mgonjwa, na nimeona nyama nzuri kabisa ikirudishwa buchani kwa sababu hiyo.

Sasa turudi kwenye kuuza, maana hapa miaka hii imetupa nafasi ambayo wengi hawajaiona. Idd el-Hajj husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka 2026 inatarajiwa karibu na tarehe 27 Mei, 2027 karibu na 16 Mei, 2028 karibu na 5 Mei, kutegemea mwandamo. Yaani kwa miaka mitatu soko kubwa la ng'ombe hapa pwani linaangukia mwezi ule ule ambao nyasi zetu zimemaliza kazi yake. Kufikia 2029 itasogea hadi mwishoni mwa Aprili, nyasi zikiwa bado zina maji mengi na ng'ombe hawajajaza mgongo, kwa hiyo hapo utahitaji kununua mapema zaidi.

Ng'ombe mmoja wa udhia, yaani wa kuchinjwa kwa ibada ya Idd hiyo, huchangiwa na watu hadi saba. Yule wa kilo 294, mzoga wake ni karibu nusu ya uzito hai, kilo 147 hivi. Gawa kwa saba: kilo 21 za nyama na mifupa kwa kila fungu, mbali na maini, utumbo, kichwa na makongoro. Ukijua hesabu hiyo unaweza kuzungumza na kikundi cha msikiti, cha wafanyakazi au cha mtaa tangu Februari, ukataja uzito wa mnyama kwa utepe wa kupimia mzunguko wa kifua au kwa mizani badala ya jicho la dalali. Waalike waje shambani kumwona. Chukua malipo ya awali ya kutosha gharama za usafiri na ya kuonyesha nia, mkaandikiana.

Mfugaji asiye Mwislamu naye anaweza kuuza, ila ajue masharti ya anayemuuzia. Ng'ombe awe ametimiza miaka miwili. Ile jozi ya meno ndiyo ushahidi. Asiwe chongo, kiguru, mgonjwa wala aliyekonda sana. Maksai hana tatizo. Wapo wasiotaka aliyekatwa sikio, kwa hiyo tumia heleni, usikate alama. Mchinjaji hapewi ngozi wala nyama kuwa ujira wake, analipwa fedha. Kwa hiyo bei yako isitegemee kubaki na ngozi.

Kuhusu kupanga bei, jumlisha ulichonunulia, dawa, chumvi, mchungaji, usafiri na ushuru, ongeza faida unayoitaka, kisha gawa kwa kilo za mzoga. Usigawe kwa kilo za uzito hai, hapo ndipo watu wanajipunja nusu. Linganisha na bei ya bucha la mtaani kwa mnunuzi wako. Kama yako imepita sana, tatizo liko kwenye bei uliyonunulia au kwenye kilo ambazo hazikuongezeka, na daftari litakuonyesha ni lipi.

Safari ya kwenda Tanga mjini au Dar es Salaam inahitaji kibali cha kusafirisha mifugo, na ukiwapo mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo, karantini inamfunga kila mtu, hata mwenye oda mkononi. Kibali kishughulikie mapema. Sakafu ya gari iwe na mchanga au nyasi ili wasiteleze, na usikubali wapigwe. Wafike siku mbili tatu kabla, wapumzike, wale nyasi, wanywe. Ng'ombe aliyechoka na kuogopa amemaliza sukari iliyomo kwenye misuli yake, na nyama yake hutoka nyeusi, yenye kunata, isiyodumu. Miezi saba ya kazi inaharibika kwa saa sita za safari mbaya. Niliwahi kumpoteza mteja hivyo: lori lilichelewa, wakachinjwa palepale waliposhushwa, na mwaka uliofuata hakupokea simu yangu.

Mkaguzi wa nyama aitwe kabla ya siku yenyewe, iwe mnachinjia machinjioni au uwanjani. Minyoo ya tegu kwenye misuli haionekani kwa asiyejua kukata mahali panapotakiwa. Tegu hiyo inatoka kwenye kinyesi cha binadamu, kwa hiyo choo cha wachungaji wako ni sehemu ya ubora wa nyama yako.

Mzoga wa ng'ombe wa majani una mafuta membamba, kwa hiyo hupoa haraka. Ukitiwa kwenye baridi kali misuli ikiwa bado haijakakamaa, inajikunja na nyama inakuwa ngumu, hata ya mnyama mchanga. Kwenye chumba cha baridi, nyama isishuke chini ya nyuzi 10 kabla ya muda wa saa kumi kupita tangu kuchinja. Kisha ikiwezekana ining'inie siku saba kati ya nyuzi 0 na 4. Kwa nyama ya udhia inayogawiwa siku ile ile, wape wateja neno moja: wasiitupe moja kwa moja kwenye friza. Iwekwe kwanza sehemu ya chini ya friji, igandishwe kesho yake.

Maksai wakishaondoka, funga vipande viwili. Wasukuma huita ngitili, eneo linaloachwa mwisho wa mvua ili lihifadhi majani ya kiangazi, na Shinyanga wamerudisha maelfu ya hekta kwa njia hiyo. Kipande cha tatu kikate nyasi zikianza kutoa maua, anika siku mbili tatu, funga robota kwa sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45. Kila robota litakuwa na kilo 20 hivi. Hayo ni ya ng'ombe wako wa maziwa na ndama wake, kama unaye. Kipande cha nne kiache kimwage mbegu. Kisha Oktoba, kabla hujafunga safari ya mnadani, pita tena shambani na kipimo chako cha mita moja ya mraba, kata, kausha, pima, ndipo uamue mwaka huu unanunua wangapi.