Konferansi za bure Kasapa: jinsi ya kuingia, kusikiliza na kutoka na kitu, hata kama hukuandikishwa chuoni

Mimi ni fundi wa tairi na pikipiki. Kibanda changu kiko kando ya barabara ya Kasapa, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho kampasi yake tunaiita Kasapa. Kwa miaka mingi nilidhani uhusiano wangu na chuo hicho unaishia kwenye kuziba matundu. Halafu siku moja kijana aliniachia pikipiki yake akakimbia. "Papa fundi, nachelewa defansi ya yaya. Ukimaliza, uniletee kulekule." Yaya kwetu ni dada au kaka mkubwa, na defansi ni pale mtu anapotetea tasnifu yake.

Nikaipeleka. Nikasimama mlangoni mwa ukumbi na ufunguo mkononi, mikono ina grisi bado. Mama mmoja aliyevaa kitenge kipya akasogea kwenye benchi, akapigapiga mahali palipobaki: keti. Nilikaa saa mbili nzima. Mtu alikuwa anaeleza kwa nini makala ya kupikia Lubumbashi yanazidi kutoka mbali, jinsi msitu wa miombo unavyorudi nyuma kila mwaka, nani anakata, nani anapakia, nani anapata faida njiani. Mimi nanunua gunia la makala kila mwezi na kunung'unika juu ya bei. Siku ile ndiyo ya kwanza kuelezwa bei hiyo inapikwaje.

Tangu hapo naenda mara moja au mbili kwa mwezi. Majirani wananiuliza nani ananiruhusu. Basi hii ndiyo njia yangu, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua mlango gani uko wazi

Darasa la kawaida si lako. Lile ni la walioandikishwa na kulipa, na profesa ana haki ya kukuuliza unatafuta nini. Lakini kuna mambo mengine yanayofanywa mbele ya watu kwa makusudi.

La kwanza na la uhakika zaidi ni defansi ya shahada ya udaktari. Jina lake kamili ni defansi piblike, na hilo piblike lina maana yake: mtu anatetea tasnifu yake mbele ya jiri, yaani maprofesa wanaomhoji na kuamua kama amefaulu, na mbele ya yeyote aliyekuja. La pili ni somo la ufunguzi wa mwaka wa masomo, ambapo profesa mmoja anazungumza na chuo kizima. La tatu ni konferansi na siku za uchunguzi za vitivo, ambazo nyingi zina tangazo lenye maneno "kuingia bure". Sherehe ya kutoa diploma achana nayo kama huna mwaliko. Kule viti vimehesabiwa, na familia zimetoka mbali.

Usitazame Kasapa tu. Mjini kuna Musée ya taifa, yaani makumbusho, kuna Institut français, kituo cha utamaduni cha Ufaransa, pale Halle de l'Étoile, na kuna Biennale ya Lubumbashi, tamasha la sanaa lililoanzishwa na watu wa Picha, chama cha wasanii wa hapa, mwaka 2008. Wakati wa Biennale utasikia wasanii na maprofesa wakijadiliana kwenye meza moja. Chuo chenyewe kiliwahi kutoka nje kutufuata: mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 na ambao mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ni mmoja wa nguzo zake, ulikusanya masimulizi ya watu wa kawaida wa mji huu, wazee waliofanya kazi kwenye migodi na mama wa nyumbani. Kwa hiyo mtu akikuambia mambo ya chuo hayakuhusu, mwulize yeye historia ya mji huu ilitoka mdomoni mwa nani.

Hatua ya 2: Soma valvu

Kwangu valvu ni kile kijipua cha tairi kinachoingiza upepo. Kasapa, valvu ni ubao wa matangazo. Neno hilo tuliachiwa na Wabelgiji. Nilipoambiwa mara ya kwanza "angalia kwenye valvu", nilichungulia gurudumu.

Kila kitivo kina valvu zake, kwa kawaida karibu na ofisi ya dekani. Pita mara moja kwa juma. Piga picha tangazo zima, usiandike kwa kukariri, kwa sababu ukumbi ndio unaosahaulika kwanza. Angalia vitu vitatu: siku, ukumbi, na jina la kitivo kinachoandaa. Kama una mteja, jirani au mtoto wa shemeji anayesoma pale, mwombe akutumie matangazo kwenye WhatsApp. Wanafunzi hupata mengi ambayo hayafiki ubaoni.

Sasa saa. Hapa nilianguka vibaya. Kijana aliniambia kwa simu, "Papa, konferansi ni saa kumi." Nikafunga kibanda mchana, nikaoga, nikafika saa kumi jioni. Nikakuta mtu anafagia. Tangazo lilikuwa limeandika 10h00, yaani saa nne asubuhi. Yeye alisoma tarakimu jinsi ilivyo, mimi nikahesabu kwa Kiswahili. Siku hizi namwuliza kila mtu: asubuhi au jioni? Na kama konferansi inarushwa kwenye mtandao kutoka Kinshasa, ongeza saa moja. Saa nane mchana ya kwao ni saa tisa yetu.

Hatua ya 3: Mlangoni

Vaa safi, basi. Koti si lazima. Mimi navaa shati moja la mikono mirefu ambalo mke wangu analiita shati la udaktari.

Fika mapema kidogo, ingawa watu wa chuo wana kitu wanachokiita robo saa ya akademia: dakika kumi na tano za kuchelewa ambazo hakuna anayezionea haya. Kwetu inaweza kuwa robo saa mbili au tatu. Mlinzi akikuuliza, usianze kueleza maisha yako. Sema, "Jambo, Papa. Niko hapa kwa defansi ya saa nne, kitivo cha kilimo." Mtu anayetaja saa na kitivo hapotezi muda wa mlinzi. Niliwahi kurudishwa kwenye chuo kimoja cha mjini, nisikitaje, kwa sababu nilisema "nakuja tu kusikiliza". Neno "tu" ndilo liliniponza.

Kaa nyuma au katikati. Mistari ya mbele ni ya jiri, wakubwa na familia. Zima mlio wa simu.

Hatua ya 4: Nenda na swali moja

Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka, halafu wananiambia walilala. Ukienda mtupu, maneno yanapita juu ya kichwa. Ukienda na swali moja, sikio linakaa macho likingoja jibu.

Swali si lazima liwe la kitaalamu. Litoe kwenye kazi yako au nyumba yako. Mfano wangu: nilisikia kwamba kutakuwa na konferansi juu ya madini na afya. Nilijua kidogo kwamba mwaka 2009 timu ya Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa hapa Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, ilichapisha uchunguzi uliopima mkojo wa watu wa Katanga, na kwamba wale wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikutwa na kobalti nyingi sana. Nikawaza, kwa nini mkojo? Kwa nini wasichukue damu, kama wanavyofanya hospitali?

Nilikaa na swali hilo siku nne. Kwenye konferansi hakuna aliyeligusa, kwa hiyo nilimfuata asistanti mmoja nje, na akanieleza akiwa amesimama: kobalti inatoka mwilini haraka, na sehemu kubwa inapitia kwenye mkojo, kwa hiyo mkojo unaonyesha yaliyoingia siku chache zilizopita. Tena kumwomba mtu kikombe cha mkojo ni rahisi kuliko kumchoma sindano, hasa ukiwa na watoto wengi wa kupima. Dakika mbili. Nilirudi nyumbani na kitu ninachoweza kumweleza mtu mwingine.

Andika swali lako kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani. Likijibiwa katikati ya mazungumzo, andika jingine palepale.

Hatua ya 5: Jua mwendo wa ndani

Defansi ina mwendo wake. Jiri inaingia, watu wote wanasimama. Mwenye tasnifu anaeleza kazi yake kwa kifupi. Kisha kila mwanajiri anamsifu kidogo, halafu anaanza kumkwangua: ukurasa fulani una kosa, jedwali fulani halieleweki, mbona hukumtaja fulani. Mtu anajibu. Jiri inatoka kushauriana, watu wanapiga soga, jiri inarudi na kutangaza. Ukisikia "distinksyo kubwa", yaani amefaulu vizuri sana, jiandae kuziba masikio, maana vigelegele vya mashangazi havina kipimo.

Katika defansi maswali ni ya jiri. Wewe ngoja mwisho. Katika konferansi ya kawaida mnapewa nafasi, na hapo ombi langu ni moja: uliza, usihutubie. Kuna mzee mmoja, namheshimu, ambaye kila mara anaanza na "swali langu lina sehemu tano". Ukumbi mzima unashusha pumzi.

Hatua ya 6: Kifaransa

Karibu yote yatakuwa kwa Kifaransa. Usikimbie. Maneno yanayorudi kila mara ni machache. Problematike ni swali kubwa ambalo kazi nzima inalijibu. Ipoteze ni jibu ambalo mtu analikisia kabla ya kupima, kama mteja anayeniambia "nadhani ni bujia", yaani plagi, kabla sijafungua injini. Ekantiyo ni sehemu ndogo iliyochukuliwa kuwakilisha kitu chote. Ukiyashika hayo matatu unaweza kufuata hata fani ambayo huijui.

Na unaweza kuuliza kwa Kiswahili. Nimefanya hivyo mara nyingi. Mwenye kuongoza kikao hutafsiri, na zaidi ya mara moja profesa amenijibu kwa Kiswahili kile kile cha Katuba, sehemu ya mji huu alikokulia, na ukumbi ukaamka.

Hatua ya 7: Siku ambazo Kasapa imefungwa

Kuna likizo, kuna migomo, kuna mvua ya Januari. Hapo nasikiliza ya mbali. Collège de France, kule Paris, ilianzishwa mwaka 1530 na mfalme François wa kwanza. Masomo yake ni bure kwa kila mtu, hakuna kuandikishwa, hakuna mtihani, hakuna diploma. Mengi yamewekwa kwenye tovuti yao. Anza na mwandishi Alain Mabanckou, mtoto wa Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville, nchi ya ng'ambo ya pili ya mto Kongo. Somo lake la kwanza pale, la Machi 2016, ni juu ya fasihi ya watu weusi. Kisha François-Xavier Fauvelle, anayefundisha pale historia na akiolojia ya Afrika tangu mwaka 2019. Ukijua Kiingereza, Gresham College ya London inatoa mihadhara ya bure tangu mwaka 1597.

Kama unataka kufuata moja kwa moja, hesabu saa: tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, saa ya Paris ni sawa na yetu, miezi mingine wao wako nyuma kwa saa moja. London iko nyuma ya Paris kwa saa moja mwaka mzima.

Kwa mega zako, chukua sauti peke yake kila inapopatikana. Saa moja ya sauti kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni karibu megabaiti 58. Video ya saa hiyohiyo itakula mara kadhaa ya hapo. Pakua usiku, simu iwe imejaa chaji kabla umeme haujakatika.

Sisi tunasikiliza Jumamosi nyuma ya kibanda, watu sita au saba, spika ndogo juu ya tairi la lori. Kila mmoja anakuja na swali lake kwenye karatasi. Mteja akiingia tunasimamisha sauti, kompresa inaunguruma, anajaziwa upepo, analipa. Wengine wanauliza mnasikiliza nini, na wanabaki.