Somo: Maandishi ya pembeni kwenye vyeti vya zamani

Wengi wanaoanza kufuatilia ukoo huku Dodoma huja na cheti kimoja kilichokunjwa mara nne, wananionyesha jina la babu, basi. Ule mstari ulioandikwa ubavuni kwa wino mwekundu hawaugusi. Leo tuusome huo.

Hatua ya 1. Jua umeshika karatasi gani. Tangazo la kizazi hutoka hospitali au zahanati, na peke yake si cheti. Cheti cha kuzaliwa ni nakala ya yaliyomo kwenye daftari la msajili, kazi ambayo siku hizi iko RITA, wakala wa serikali wa usajili. Cheti cha ubatizo ni cha kanisa, nacho kina daftari lake. Kwa mzee aliyezaliwa Mvumi au Bihawana enzi za Waingereza, usishangae kukuta cha ubatizo tu. Sheria ya usajili ya 1920 iliwabana zaidi Wazungu na Waasia. Waafrika wengi hawakuandikishwa kabisa.

Hatua ya 2. Linganisha tarehe mbili. Angalia tarehe ya kuzaliwa, halafu shuka chini utafute tarehe ya kuandikishwa. Mtu kazaliwa 1948, kaandikishwa 1979. Hapo maandishi ya pembeni yameshajieleza nusu: ni usajili uliochelewa, na ikipita miaka kumi sheria inataka idhini ya Msajili Mkuu. Namba iliyoandikwa ubavuni mara nyingi ni ya barua au jalada la idhini hiyo. Inakili kama ilivyo, mkwaju kwa mkwaju, kwa sababu ndani ya jalada kunaweza kuwa na kiapo cha shangazi au mjomba aliyeeleza mtoto alizaliwa wapi na kwa nani.

Usajili wa namna hii ulifanywa kwa sababu mtu alihitaji pasipoti, kazi au mirathi, kwa hiyo tarehe nyingi ni za kukadiria. Ukiona 1 Januari au 1 Julai, na wadogo zake nao wote 1 Julai, usiijengee nyumba. Uliza wazee alizaliwa karibu na tukio gani: njaa ya Mtunya baada ya Vita ya Kwanza, mashamba ya karanga ya Kongwa kuanzia 1947, au Operesheni Dodoma ya 1971 watu walipohamishiwa vijijini. Mimi humwamini zaidi bibi anayesema "tulikuwa tunahama" kuliko karani aliyejaza nafasi.

Hatua ya 3. Soma maandishi yenyewe. Kosa la daftarini halifutwi kwa raba. La mwanzo hubaki, sahihisho huandikwa pembeni na kutiwa saini na tarehe. Kwa mtafiti hiyo ni bahati, maana unapata majina mawili: tuseme Ndahani la nyumbani, na Yohana lililoongezwa baada ya ubatizo. Yachukue yote mawili. Ndugu wa mama wanaweza kumjua kwa lile la kwanza tu.

Nafasi ya baba ikiwa na mstari mtupu, usikimbilie kusema baba hakujulikana. Wazazi wasipokuwa na ndoa, jina la baba liliingia pale wote wawili walipoomba liandikwe. Huenda kijiji kizima kilimjua. Neno "Adopted" ni habari nyingine: mahakama ilitoa amri ya kuasili, na mtoto ana maandishi mengine katika daftari la walioasiliwa. Hapo nenda taratibu, zungumza kwanza na ndugu walio hai. Si kila mtu nyumbani anajua.

Hatua ya 4. Usidharau daftari la kanisa. Wakatoliki huandika kipaimara na ndoa kando ya jina la mbatizwa, hata kama alifungia ndoa parokia nyingine. Bibi aliyebatizwa Kondoa akaolewa Morogoro, ndoa yake inatakiwa irudi kuandikwa Kondoa. Kwa hiyo usiombe cheti tu. Mwombe paroko kwa adabu akusomee na pembeni.

Hatua ya 5. Wilaya. Bahi na Chamwino zilikuwa Dodoma Vijijini, Kongwa ilikuwa Mpwapwa, Chemba ilikuwa Kondoa. Tafuta kwa jina la wakati ule.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Cheti cha baba kina msalaba mahali pa saini. Ina maana babu alikuwa Mkristo? (Kongwa)*

Marahaba mwanangu. Hapana, ni alama ya asiyejua kuandika. Tena angalia jina lililo kando yake: mtoa taarifa anaweza kuwa si babu, akawa jirani au ndugu wa bibi. Huyo naye mtafute.

*Babu na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, vyeti vinasema wamepishana miezi minne. Nani alidanganya? (Kondoa)*

Huenda hakuna. Kila mmoja aliandikishwa kwa wakati wake, kwa kiapo chake, na kila aliyeapa alikadiria. Tazama tarehe za kuandikishwa. Kama ni Waislamu, ulizia pia kama kuna cheti cha falaki, yaani cheti cha kuzaliwa cha upande wa dini yao.

*Cheti cha ubatizo cha bibi kina maneno "in periculo mortis". Padri wa sasa anasema ni Kilatini tu. (Manyoni)*

Ni Kilatini kweli: alibatizwa akiwa katika hatari ya kufa. Katika hali hiyo mtu yeyote anaweza kubatiza, hata mkunga au katekista, ndiyo maana unaweza kukuta jina la mbatizaji usilolitegemea. Bibi akipona, sherehe zilizobaki zilikamilishwa kanisani baadaye, kwa hiyo tafuta na tarehe ya pili.

*Naweza kusahihisha cheti cha marehemu babu ili jina la ukoo lifanane na letu? (Dodoma mjini)*

Kama ni kwa ajili ya mirathi, nenda RITA na vielelezo vyako, watakuelekeza. Kama ni kwa ajili ya kitabu cha ukoo, liache. Andika lilivyo, halafu chini yake eleza lenu lilianzia kwa nani.