Unanunua mtoto wa mbwa? Mcheki mfugaji kwanza

Kwanza kabisa nenda mwenyewe pale anapofugia ukaombe kumuona mama wa huyo mtoto wa mbwa, picha za simu hazitoshi aisee, na ukiambiwa tukutane barabarani nikuletee, achana naye. Ukifika mwangalie mama, anakuja kunusa mkono au anajikunyata kwenye kona? Mama akiwa muoga sana au mkali kupita kiasi watoto mara nyingi wanafuata. Halafu inama unuse banda, kama tandiko limelowa mkojo, watoto wana tongotongo na matumbo yamevimba, hapo kuna minyoo na uzembe, na usinunue kwa huruma maana unampa hela ya kuzalisha wengine.

Uliza umri. Chini ya wiki 8 hapana, hata akisema wanakula vizuri. Omba kadi ya chanjo yenye sahihi ya daktari wa mifugo, parvo, ugonjwa wa virusi unaowatapisha na kuwaharisha watoto wa mbwa, inaua fasta. Kwa mbwa wakubwa kama German Shepherd ulizia pia kama wazazi walipigwa eksirei ya nyonga, maana ubovu wa nyonga watoto wanaweza kuurithi.

Mfugaji wa maana naye atakuhoji, nani atabaki na mbwa mchana, uwanja una uzio, na wengi watakwambia ukishindwa kumlea umrudishe kwao. Akikusukuma utume hela leo leo kabla hujamuona mbwa, mwambie utampigia, halafu usimpigie.